Kama kansa inakula sukari, mbona tukiinyima sukari haifi?

#1 Mpwa wa Pili
Wakuu, salaam. Shangazi yangu ana kansa ya kongosho, imegundulika miezi mitatu iliyopita. Tangu siku hiyo familia nzima tumegeuka wataalamu. Kwenye kundi letu kila mtu anatuma video, na zote zina wimbo mmoja: kansa inaishi kwa sukari, kata sukari, itakufa yenyewe. Basi tumekata. Siyo sukari ya kijiko tu, wanga wote na matunda juu. Wiki ya sita pete yake ya ndoa ikadondoka kwenye sinki akinawa mikono. Imempwaya. Kilo tisa zimeondoka. Na picha ya juzi inaonyesha uvimbe uko palepale, tena umekua kidogo.

Sitafuti wa kunifariji, nataka kuelewa. Kama hicho kitu kinakula sukari, na sukari hatumpi, kinakula nini?

#2 Kaa Chonjo
Pole sana mkuu. Nimeweka kambi hapa, nasubiri nondo.

#3 Dawa ya Moto
Hamjakata vizuri, ndiyo maana. Mwanasayansi Mjerumani Warburg alipewa Nobel mwaka 1931 kwa kugundua kwamba kansa inaishi kwa sukari. Mitokondria za seli ya kansa, yaani vinu vyake vya nishati, zimekufa, oksijeni haiwezi kuitumia, imebaki kuchachua sukari kama hamira. Hakuna sukari, hakuna kansa. Mpelekeni kwenye mlo kamili wa ketoni, mafuta mengi na wanga karibu sifuri, uvimbe utakosa pa kushika. Hili halihitaji digrii.

#4 Mtu wa Maabara
#3 hapo juu umechanganya mafaili. Nobel ya 1931 Otto Warburg alipewa kwa kazi ya kimeng'enya cha upumuaji wa seli, siyo kwa kansa. La kansa aliliona miaka ya 1920 huko Berlin: alikata vipande vyembamba vya uvimbe wa panya, akakuta vinatema asidi ya laktiki kwa wingi hata pale ambapo oksijeni ipo ya kutosha. Hilo ni kweli hadi leo. Tatizo ni maelezo aliyoyatetea baadaye, na mwaka 1956 akayaandika kwa msimamo mkali, kwamba chanzo cha yote ni mitokondria zilizoharibika. Kwenye kansa nyingi mitokondria ni nzima na zinachapa kazi. Zipo chache kweli zenye hitilafu, kwa mfano zile ambazo jeni ya SDH au ya fumarase, vimeng'enya viwili vya mitokondria, imekufa, lakini hizo ni nadra.

Mwaka 2015 likatoka jaribio zuri sana. Walichukua seli za kansa ya panya, wakaziondolea DNA ya mitokondria kabisa, wakazipandikiza kwenye panya wazima. Uvimbe ulichelewa kuota. Ulipoota, wakakuta seli zimejipatia DNA ya mitokondria kutoka kwa panya mwenyeji. Sasa kama mitokondria ni mzigo usio na kazi, kwa nini zikaiibe?

Mleta uzi, jibu lako lina pande mbili. Kwanza, sukari ya damu haiishi kwa sababu hujala. Damu yote ya mtu mzima ina glukosi kama gramu tano, kijiko cha chai kimoja, na mwili unalinda kijiko hicho kufa na kupona kwa sababu ubongo unakitegemea. Usipokula, ini linatengeneza glukosi jipya, na malighafi mojawapo ni protini ya misuli. Pili, seli ya kansa haina mlo mmoja. Ikikosa hiki inahamia kile.

#5 Mpwa wa Pili
Subiri kwanza. Yaani tumemlisha uvimbe kwa misuli ya shangazi mwenyewe?

#6 Mtu wa Maabara
Usijibebeshe yote hayo. Kansa ya kongosho inakondesha hata anayekula vizuri, ina jina lake, kakeksia, na inavunja misuli kwa njia zake yenyewe. Ila kumpunguzia mlo juu ya hapo ni kusukuma gari linaloteremka.

#7 Zamu ya Usiku
Mimi ni nesi. Mkuu, kabla ya hizo seli, muulizeni daktari wake swali moja: anapewa vidonge vya vimeng'enya vya kongosho? Wengi wenye ugonjwa huu kongosho lao halitoi vya kutosha, wanakula lakini chakula kinapita tu, choo kinakuwa cha mafuta na kinaelea. Vidonge vinamezwa pamoja na chakula. Na huo mlo wenu wa video umwambieni mtaalamu wa lishe wa hospitali, msimfiche. Wagonjwa wanatuficha, halafu tunabaki kushangaa mizani.

#8 Mpwa wa Pili
Choo kinaelea, ndiyo. Hakuna aliyewahi kutuuliza. Asante sana dada.

#9 Dawa ya Moto
Sawa, mmemaliza ya vyoo? Nijibiwe hili sasa. Kama kansa haitegemei sukari, kile kipimo cha PET kinafanyaje kazi? Si wanachoma sindano ya sukari na kansa inawaka kama taa? Mashine nayo imetazama video?

#10 Bibi Mionzi
Hapo umenigusa, hiyo ndiyo kazi yangu. Tunachoma glukosi iliyofungwa florini-18. Seli inaimeza ikidhani ni sukari, inaipiga chapa ya kwanza, halafu hatua inayofuata inakwama, kwa hiyo inabaki ndani iking'aa. Nguvu ya mionzi hiyo inapungua nusu kila dakika 110 hivi, ndiyo maana tunakimbizana na saa.

Lakini njoo uone picha yenyewe. Ubongo unawaka. Moyo mara nyingi unawaka. Kibofu kinawaka kupita vyote kwa sababu dawa inatokea huko. Mgonjwa anakuja hajala saa kama sita, tukishamchoma sindano tunamlaza kwenye chumba tulivu kama saa nzima na tunamwambia asitembee, asitafune, asiongee. Siku moja bwana mmoja alitafuna ubani kwa siri, misuli ya taya ikawaka pande zote mbili kama taa za gari. Alikana mpaka nilipomwonyesha skrini. Sasa kwa hoja yako, taya lile nalo lilikuwa kansa?

Tena zipo kansa, ya tezi dume mara nyingi, ambazo kwa glukosi hii haziwaki vizuri, tunalazimika kutumia dawa nyingine ya kuzimulika. Kuwaka kunaonyesha nani anakula sukari muda huo. Hakuonyeshi kwamba ukimnyima atakufa.

#11 Kaa Chonjo
Saa nzima bila kuongea? Mimi ingewaka mpaka ndevu.

#12 Hesabu Kali
Jamani kuna kitu hakiniingii. Shule tulifundishwa glukosi moja ikichachuliwa hadi asidi ya laktiki inatoa ATP 2 (ATP ni sarafu ya nishati ya seli), ikichomwa kwa oksijeni inatoa 36. Huyu kansa ana njaa, mishipa ya damu haimfikii vizuri, halafu anachagua njia ya ATP 2 na kumwaga zinazobaki nje? Ni kama mtu mwenye kiu anayenawia maji ya kunywa.

#13 Mtu wa Maabara
Hiyo 36 ni ya vitabu vya zamani, siku hizi tunasema kama 30 hadi 32 kwa sababu utando wa mitokondria unavuja. Ila swali lako limewatesa watu karibu miaka mia.

Mimi nipo upande wa ujenzi. Seli inayogawanyika inatakiwa kutengeneza seli nzima ya pili: utando, DNA, protini. Ukichoma glukosi yote hadi kaboni dioksaidi umepata moto lakini matofali umeyateketeza. Kaboni ya glukosi inahitajika kujenga. ATP yenyewe mara nyingi hata siyo inayopungua.

#14 Fundi Bomba
Mkuu hapo unajikanyaga. Kama shida ni matofali, kwa nini sehemu kubwa ya kaboni inatupwa nje kama asidi ya laktiki? Mjenzi gani anamwaga matofali barabarani? Mimi nadhani ni kasi. Njia ya kuchachua ni fupi na ya haraka, kama kuna glukosi nyingi mlangoni unapata ATP mapema kuliko kusubiri mitokondria. Hasara ipo, lakini ni ya mwenye ghala.

#15 Asidi Tupu
Wote mnasahau taka zenyewe. Asidi inayotemwa inachafua mtaa mzima wa uvimbe. Seli za kinga zikifika pale zinalegea, na tishu ya jirani inalainika. Siyo taka, ni silaha.

#16 Zamu ya Usiku
Na mbona nimesoma kwamba hiyo taka nayo inaliwa?

#17 Mtu wa Maabara
Inaliwa, na hapo ndipo #15 inapata kona. Lakteti, ndiyo hiyo asidi ya laktiki, inayotemwa na seli iliyo mbali na mshipa wa damu inaweza kunywewa na seli iliyo karibu na mshipa, ambayo ina oksijeni ya kuichoma. Mwaka 2017 watu wakafuatilia kaboni yenye alama kwenye uvimbe wa mapafu wa wagonjwa wenyewe, wakakuta lakteti ya damu inaingia kwenye mitokondria za uvimbe kama kuni.

Na #14, kaboni kweli inamwagwa, nimekubali nusu. Wapo wanaosema hoja siyo kaboni wala ATP, ni NAD+, msaidizi wa vimeng'enya anayepokea elektroni. Kila ukivunja glukosi unatumia NAD+, na kugeuza pairuveti, mabaki ya glukosi iliyovunjwa, kuwa lakteti ndiyo njia ya haraka ya kuirudisha. Maelezo manne sasa kwa jambo moja, na kila moja lina data zake.

#18 Mpwa wa Pili
Nafuatilia wakuu, lakini swali langu limepotelea kwenye bomba. Inakula NINI?

#19 Mtu wa Maabara
Samahani. Haya, kongosho hasa.

Uvimbe wa kongosho ni mgumu, umejaa nyuzinyuzi, mishipa imebanwa. Oksijeni hupenya umbali mdogo tu kutoka kwenye mshipa, kati ya maikromita 100 na 200, zaidi ya hapo seli zinakosa hewa. Glukosi na glutamini (aina ya asidi ya amino) huko ndani ni chache kuliko kwenye damu. Kwa hiyo seli hizi zimezoea njaa kabla nyinyi hamjaanza mlo wenu.

Zinachofanya: jeni ya RAS, ambayo kwenye kansa hii imeharibika kwa wagonjwa wengi mno, inaamsha tabia ya ajabu. Utando wa seli unajikunja kama mdomo na kugugumia tone zima la majimaji ya nje. Ndani ya tone kuna albumini, ile protini iliyojaa kwenye damu. Seli inaisaga na kupata asidi za amino. Hilo lilionyeshwa mwaka 2013. Mwaka 2016 ikaonekana kwamba seli nyota za jirani, ambazo siyo kansa, zinajila zenyewe ndani kwa ndani na kutema alanini, asidi ya amino nyingine, seli ya kansa inaidaka na kuitia kwenye mitokondria mahali pa glukosi. Mwaka 2023 wakaongeza uridini, moja ya malighafi za RNA: glukosi ikipungua, seli inavunja uridini na kuchomoa kipande cha sukari kilicho ndani yake.

Kansa ya ovari inapenda kuhamia kwenye ule utando wa mafuta unaofunika utumbo, na seli za mafuta pale zinaikabidhi asidi za mafuta mkononi. Nyingine zinaokota asiteti, ile ya kwenye siki.

Ndiyo hivyo mkuu. Inakula majirani.

#20 Kaa Chonjo
"Inakula majirani." Leo silali.

#21 Nusu Mlo
Mbona hamgusii kufunga? Mjapani Ohsumi alipata Nobel 2016 kwa otofajia. Ukifunga siku tatu mwili unakula seli mbovu, kansa ikiwemo. Mimi nafunga kila mwezi na najisikia mwepesi.

#22 Mtu wa Maabara
Ohsumi ni Nobel ya kweli, na alifanya kazi kwenye hamira. Otofajia ni seli kujila viungo vyake ili isife njaa. Hakuna mlinzi mlangoni anayesema hii ni ya seli njema tu. Uvimbe wa kongosho ni miongoni mwa wanaoitegemea sana. Kwa hiyo ukifunga unaweza kuwa unampa jambazi mazoezi.

#23 Nusu Mlo
Lakini kwa panya kufunga kumesaidia, usifiche.

#24 Mtu wa Maabara
Sifichi. Kuna uvimbe wa panya unaopungua mlo ukipunguzwa. Mwaka 2009 ilionekana pia kwamba ule ambao njia ya PI3K, inayopitisha amri ya insulini ya kukua, imewashwa moja kwa moja hausikii chochote, unakua kama vile panya ameshiba, kwa sababu haungoji ruhusa ya insulini. Na jaribio la 2018: mlo wa ketoni pamoja na dawa ya kuzuia PI3K ulisaidia panya, kwa sababu dawa peke yake inapandisha insulini na kujiharibia. Mlo huohuo bila dawa, kwenye aina mojawapo ya kansa ya damu, uliharakisha ugonjwa. Aina hii hivi, aina ile vile. Kwenye video za familia sentensi kama hiyo haiingii.

#25 Dawa ya Moto
Nimesoma yote. Kwenye mitokondria nakubali kidogo kwamba nilikosea, kwenye sukari bado. Na metfomini, ile dawa ya kisukari, je? Inabana mitokondria, ni ya miaka mingi, inafahamika.

#26 Bibi Mionzi
Karibu nyumbani mkuu 😄

#27 Mtu wa Maabara
Swali zuri, kweli. Kwenye maabara seli zinazokuzwa kwa glukosi kidogo zinaitegemea sana mitokondria, na zile zenye hitilafu hapo zinakufa kwa metfomini au ndugu yake. Ila jaribio kubwa kwa wagonjwa wa kansa ya matiti wasio na kisukari, matokeo ya 2022, metfomini haikuzuia ugonjwa kurudi. Labda dozi haifiki kwenye uvimbe. Labda hao wagonjwa hawakuwa aina inayofaa. Chagua ugomvi wako.

#28 Mama Pacha
Nimekuwa msomaji tu miaka yote, leo naandika. Mwanangu mmoja aliugua kansa ya damu, ile ya watoto, akiwa na miaka minne. Katika dawa alizopewa kulikuwa na asparajinesi. Daktari alinieleza hivi: seli zetu zinajitengenezea asparajini, seli zake za kansa haziwezi vizuri, zinaitegemea ya kwenye damu. Dawa inaifuta kwenye damu, wao wanakosa, mtoto anabaki. Sasa ana miaka kumi na mbili, amekaa hapa pembeni anabishana na pacha wake nani ashike rimoti. Kwa hiyo mnaposema njaa haiui kansa, mimi nimeiona ikiua.

#29 Zamu ya Usiku
Mama Pacha, umenitoa machozi niko zamu. Mwenyezi amlinde.

#30 Mtu wa Maabara
Sina la kupinga. Na ona tofauti: hawakumnyima mtoto chakula. Walifuta kitu kimoja, ambacho seli hizo haziwezi kujitengenezea. Chanzo chake nacho ni kichekesho, mwaka 1953 mtu aliona majimaji ya damu ya simbilisi unayeyusha uvimbe wa panya, na ilichukua miaka hadi ijulikane ni kimeng'enya hicho. Hata hapo kuna seli zinazoponyoka, zinawasha upya jeni ya kutengeneza asparajini.

#31 Fundi Bomba
"Zinawasha." Neno hilo ndilo linanisumbua uzi mzima. Mnasema seli inahamia, inachagua, inaamua, utafikiri ina kikao. Inawezekana hakuna anayejifunza chochote. Uvimbe una mabilioni ya seli, hazifanani, njaa ikija zinakufa zote isipokuwa zile chache zilizokuwa na uwezo tangu mwanzo. Sisi tunakuja baadaye tunasema "imejirekebisha".

#32 Asidi Tupu
Na AMPK je? Ni kipimo kabisa ndani ya seli, ATP ikipungua kinawaka ndani ya dakika, kinazima ujenzi. HIF-1 nayo ni swichi inayowaka oksijeni ikipungua. Nobel ya 2019 ilikuwa ya hilo la oksijeni. Dakika hazitoshi kwa uchaguzi wa asili.

#33 Fundi Bomba
Dakika sawa. Lakini miezi? Kansa inayorudi baada ya mwaka nayo ni AMPK?

#34 Mtu wa Maabara
Niwape tukio. Ijumaa moja nilisahau chupa ya seli kwenye inkubeta. Maji ya kuzikuzia yana rangi ya waridi, yakijaa asidi yanageuka njano. Na fahamuni maji hayo mara nyingi yana glukosi milimoli 25 kwa lita, mara tano ya damu, kwa hiyo nusu ya tunayoyajua kuhusu "mlo wa kansa" tumeyasoma kwa seli zilizovimbiwa. Jumatatu nakuta chupa ni njano kama mkojo wa asubuhi. Nikaiweka chini ya darubini: seli nyingi zinaelea, duara, zimekufa. Lakini huku na kule, kama kumi kwa kila eneo la lenzi, zimeshikilia sakafu ya chupa, zimekonda, zimejinyoosha ndefu. Nikabadilisha maji. Jumatano zilikuwa zimeanza kugawanyika.

#35 Fundi Bomba
Hapohapo! Zile kumi. Zilikuwa tofauti tangu Ijumaa, au zilijifunza Jumapili? Si ungezitenga, ukazinyima tena, ukalinganisha na zile za mwanzo?

#36 Mpwa wa Pili
Kabla hamjaendelea: shangazi kaanzishiwa vile vidonge jana. Leo kaomba chakula mwenyewe, akamaliza. Uvimbe sijui unakula nini, ila yeye kala. Endeleeni.

#37 Zamu ya Usiku
👏👏

#38 Fundi Bomba
Safi sana mkuu. Mtu wa Maabara, usijifiche kwenye habari njema. Zile seli ziko wapi?

#39 Mtu wa Maabara
Nilizimwaga. Kulikuwa na foleni ya inkubeta.

#40 Fundi Bomba
Umezimwaga!